Walipoinua Bendera, Tulipiga Kelele

Kuna siku moja naikumbuka hata ninapotaka kuisahau, mjukuu wangu, na wewe Jumamosi iliyopita umenirudisha kule kule. Uliondolewa kwenye mbio za mita mia nane pale Voi, wanasema uliingia mstari wa ndani mapema, kabla ya alama inayoruhusu. Labda ni kweli, labda si kweli. Mimi sikuwapo. Nilichokiona ni ile video yako kwenye simu ya shangazi yako, ukimwita jaji mwizi na mengine ambayo siwezi kuyarudia mbele ya chakula. Nikakuuliza kama mlikata rufaa. Ukaniambia, "Rufaa gani, nyanya?"

Keti nikueleze.

Nilikuwa kidato cha nne, mwembamba kama ufito. Nilizoea milima ya huku Chawia, kwa hiyo kukimbia tambarare ya Voi kwangu kulikuwa kama kuteremka. Mbio zangu zilikuwa mita elfu moja mia tano. Mshindi angekwenda Mombasa kuwakilisha wilaya, na kwa msichana wa mwaka wa mwisho hakukuwa na mwaka mwingine wa kungojea. Uwanja ulikuwa vumbi tupu, mistari imechorwa kwa chokaa.

Kwenye kona ya mwisho nilikuwa wa pili. Mbele yangu alikuwa Halima, msichana mrefu kutoka Chala, kule karibu na mpaka. Mara akajikwaa, akaanguka miguuni pangu kabisa. Ningefanya nini? Upande wa kulia wenzangu walikuwa wamenibana. Nikaruka kushoto, ndani ya chokaa, nikapiga hatua kadhaa, nikarudi njiani na kushinda.

Nikiwa bado nimeshika magoti nikihema, kipaza sauti kikatangaza kwamba jaji wa kona ameinua bendera, nami nimeondolewa kwa kukata kona. Aliyekuwa nyuma yangu akapewa ushindi.

Basi zikaanza kelele. Mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Mwachofi, mtu ambaye darasani hakuwahi kuinua sauti, alimfuata refa akimnyooshea kidole usoni. Wavulana wa shule yetu wakaketi katikati ya njia ili mbio zinazofuata zisianze. Mmoja akasema tumeonewa kwa sababu sisi ni watu wa milimani. Mwingine akasema refa amehongwa. Hakuna aliyekuwa na ushahidi wa lolote, lakini ulimi hauna mfupa. Mimi nilijitupa chini nikalia mpaka sauti ikakauka. Askari wakaja kuwatoa wavulana, wakavutana nao, vumbi likatimka, na jua likazidi kusogea.

Tulipochoka ndipo Halima alipokuja, akichechemea kutoka hema la huduma ya kwanza, goti limefungwa bendeji. Akasimama mbele yangu akasema asante.

"Ya nini?" nikamuuliza kwa ukali.

"Ungenikanyaga. Nilikuona ukiruka."

Mwalimu Mwachofi akageuka. Akataka kujua mbona hakuyasema hayo mapema. Halima akatutazama mmoja mmoja kama mtu asiyetuelewa.

"Nilikuwa palepale hemani," akasema. "Hakuna aliyekuja kuniuliza."

Tukamkokota mpaka kwa refa. Naye, sitamsingizia, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatueleza kwamba muda wa rufaa umekwisha. Kanuni hutoa nafasi fupi baada ya matokeo kutangazwa, na nafasi yetu ilikuwa imepita tukiwa palepale uwanjani.

"Bendera iliinuliwa kwa kuwa uliingia ndani, na kweli uliingia," aliniambia. "Lakini anayeruka kumwepuka aliyeanguka hana kosa. Nilingoja mtu aniambie hilo tu. Muda wote ule mlikuwa mkinitukana."

Mwalimu akainamisha kichwa. Mimi nikamjibu, ingawa nilijua si adabu: "Na wewe, mzee, mbona hukuniuliza?"

Mpaka alipotangulia mbele ya haki hakunijibu, na mimi bado nina kinyongo naye kidogo. Mungu anisamehe.

Mombasa sikwenda. Nilimaliza shule, nikawa mwalimu, na kwa miaka mingi nilishika bendera kwenye kona za viwanja vya shule humu Taita. Kila nilipoiinua nilimfuata yule mtoto nikamuuliza kilichotokea. Wenzangu walinung'unika kwamba nachelewesha ratiba. Na ichelewe! Siku hizi mna simu katika kila mfuko, picha zinapigwa kila upande, na bado jaji anamwondoa mtoto na kwenda zake bila neno la maelezo, na bado mtoto anakimbilia kutukana. Nimechoka nanyi nyote, walioonewa na waonevu.

Sikiliza basi. Kuonewa kupo, mwanangu, sitakudanganya. Jaji ni binadamu na jicho lake hupitwa. Lakini mwenye kelele hana neno, na ukiwa unapiga kelele hata wenye neno hawasikiki. Ukiondolewa tena, muulize jaji kwa heshima ni kanuni gani umevunja na mahali gani. Mtafute aliyekuwa karibu nawe, hata akiwa mpinzani wako, kabla hajapanda gari kurudi kwao. Mwambie kocha akate rufaa saa ileile. Wakikusikiliza ukashindwa, mpe mshindi mkono wako. Ukishinda, mpe mkono yule aliyenyang'anywa ushindi, kwa maana naye hakukosa. Na kama kweli uliingia ndani mapema, sema uliingia, yaishe. Ile video ifute leo nikikuona.

Mungu akupe miguu isiyochoka na ulimi unaojua kungoja. Akuweke mbele ya majaji wenye masikio. Na siku utakapokutana na wasiouliza, akupe ujasiri wa kusema bila kuulizwa, na mtu wa kusimama kando yako akisema, "Mimi nilimwona." Amina.