Kadi ya Kahawia ya Ng'ombe Anayelala Ugenini

Siku ya kwanza kazini nilipewa brashi, sabuni ya unga na makeni kumi na mawili ya kubebea maziwa, yote yananuka. Kituo cha kukusanyia maziwa hapa Karatu kilikuwa chumba kimoja cha saruji, na tangi la kupozea lilinguruma kutwa nzima. Meneja wa kwanza, mzee mfupi aliyevaa koti hata jua likiwaka, aliniuliza, "Umesoma mpaka wapi?"

"La nne. Nikatolewa kwenda kuchunga."

"Basi osha. Keni haliulizi cheti."

Nikaosha mwaka mzima, na makeni yangu hayakuwahi kuchachusha maziwa ya mtu. Ndipo nikafundishwa kupima. Tulitumia laktomita, kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Yakitiwa maji, kijiti kinazama zaidi. Mtu anaapa kwa Mungu mbele yako, na kijiti kinazama. Sikumwonea mtu haya. Hata wifi yangu nilimrudishia ndoo yake, akaninunia mpaka Pasaka.

Kuandika nilijifunza Endulen, nilikopelekwa kumsaidia Bwana Mifugo wakati wa chanjo. Siku ya kwanza niliandika jina la mzee mmoja, mbele yake nikaandika idadi ya ng'ombe niliowakuta bomani kwake. Nikajiona nimemaliza. Bwana Mifugo akaichana karatasi watu wakitazama.

"Mama, hao ng'ombe wote ni wa huyu mzee?"

"Si wako bomani kwake?"

"Wawili ni wa rafiki yake wa Arash. Watatu ni wa mkwe wake. Wakihamishwa kesho, sindano ya pili utamchoma nani? Mzee?"

Wamama wa Kimaasai walicheka mpaka shanga zikalia shingoni. Mmoja akaniita mama kwa Kimaasai: "Yeyo, ng'ombe ana miguu!"

Tangu hapo niliandika kadi mbili. Nyeupe ilikuwa ya mtu. Ya kahawia ilikuwa ya ng'ombe: jina lake, rangi, alama ya sikio, sindano alizochomwa, na chini kabisa, kwa penseli, analala kwa nani. Kwa penseli, kwa kuwa hilo ndilo linalobadilika. Mwenye ng'ombe sikumwandika mpaka atake mwenyewe.

Vijana wa mjini niwaeleze. Kwetu Wairaqw, kama kwa wafugaji wa kule juu Endulen, mwenye ng'ombe hawalazi wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia hapo umewamaliza. Mmoja anampeleka kwa jirani, mwingine kwa binamu. Anayemtunza anachukua maziwa na mbolea, ndama anabaki wa mwenyewe. Na jambo hilo halitangazwi. Ukitaja mbele za watu ng'ombe huyu ni wa fulani, umemvua fulani nguo.

Nilirudi Karatu na mtindo wangu wa kadi mbili, nikawa mtunza kumbukumbu wa kituo. Ng'ombe akichomwa dawa, maziwa yake hayapokelewi kwa siku kadhaa. Meneja akiuliza, "Leo tunamkataa nani?" nilichomoa kadi ya kahawia, nikasoma analala wapi, basi.

Meneja wa tatu ndiye aliyeleta kompyuta. Walikuja vijana wawili kuingiza data, wakachukua kadi nyeupe. Za kahawia, zilizoshika mafuta na kinyesi, wakazisukuma pembeni. "Bibi, hizi uchafu." Nikanyamaza. Nilipaswa kupiga kelele, lakini niliona nimedharauliwa, nikasema moyoni, acha waone wenyewe. Hilo ni kosa langu, simtupii mtu. Nikazifungia kwenye boksi la sabuni, chini ya meza.

Vijana wale wakapita nyumba kwa nyumba kuuliza, "Una ng'ombe wangapi?"

Mama Safari, mjane wa Rhotia, akawajibu ukweli: "Sina."

Baada ya mvua za masika kioo cha kompyuta kikaonyesha mstari mwekundu kwenye jina lake. Ng'ombe hakuna, lita tano kila asubuhi. Meneja akamwita mbele ya foleni nzima.

"Mama, haya maziwa unayaokoteza wapi?"

"Nakamua."

"Unakamua nani? Mbuzi?"

Watu wakacheka. Mama Safari akaangalia ndoo yake.

"Ng'ombe wa nani?"

Mwenye ng'ombe alikuwa palepale kwenye foleni, anakagua kucha zake.

"Ijumaa sema, au nakufuta. Maziwa nisiyojua yanakotoka siwezi kuyachanganya na ya wenzako."

Kwa hilo la mwisho Meneja alikuwa na haki. Lakini lita zile ndizo zilizowalisha wanawe watatu, na akifutwa kama mwizi wa maziwa, nani atamwachia tena ng'ombe? Sikupata usingizi mzuri, kwa kuwa nilijua jibu lilipo.

Alhamisi akaja kutoka Arusha binti mtaalamu wa muundo wa data, yaani mtu anayepanga nini kiandikwe wapi, na kipi kishikane na kipi, ili mkubwa akiuliza swali la biashara apate jibu la kweli. Nikaburuta boksi langu mpaka mezani kwake.

"Shikamoo, Bibi. Nini hiki?"

"Uchafu. Soma."

Alisoma kadi tatu, nne, akaacha kutafuna karanga. "Meneja! Njoo uone. Sisi tumemgandisha ng'ombe kwa mtu. Bibi kampa ng'ombe kadi yake."

Meneja akaigeuza kadi ya Mama Safari. Ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe tumboni, sikio la kushoto limekatwa, analala kwa Mama Safari. "Mbona mwenyewe hajaandikwa?"

"Halikuhusu. Anayekupa maziwa ni ng'ombe. Nenda Rhotia kamtazame, doa lipo."

Alikwenda kweli, kwa pikipiki, akarudi na kinyesi kwenye viatu. Ijumaa alisimama mbele ya foleni ileile. "Mama Safari, nilikosea. Lete ndoo."

"Pima kwanza," akajibu, "usije ukasema ni ya mbuzi."

Mara hii watu walicheka wakiwa upande wake.

Binti alikaa wiki mbili. Akajenga upya: sehemu ya mtu, sehemu ya ng'ombe, na katikati sehemu ya kulala, yenye tarehe ya kuja na ya kuondoka. Mwenye ng'ombe akawekewa nafasi inayoruhusiwa kubaki tupu. Jina la binti liko kwenye mfumo. La kwangu halipo, lakini penseli ni yangu.

Sasa nimestaafu, magoti hayataki makeni. Mwezi uliopita jirani mmoja aliniletea ng'ombe jioni, kimyakimya. Juzi akaja dada wa kituo na simu yake mkononi. Nikasubiri aniulize nina ng'ombe wangapi, nimtimue.

"Bibi, ng'ombe anayelala hapa ni yupi?"

"Yule mwekundu, pembe moja imevunjika."

Akaandika. Hakuuliza ni wa nani. Nikamtolea kiti.