Tonge la Mtani

Siku ya arobaini ya baba mkwe wangu, pale Kurui, enzi za Mwingereza, nilicheka kuliko wote. Nasema mapema, maana wenzangu wa wakati ule siku hizi wanajifanya walikuwa wanasoma Yasini.

Mtani wetu, Mnyamwezi aliyekuja Soga kukata mkonge akalowea huku, alivaa kanzu na kofia ya marehemu. Ndiyo kazi ya mtani: amwigize aliyekwenda mpaka mjane mwenyewe acheke. Na baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa mlaji. Basi mtani akaketi mbele ya sinia, akafinyanga tonge la wali na pande la nyama, kubwa kama ngumi, akalitupa kinywani huku amefumba macho vilevile kama marehemu. Ua mzima hoi.

Mara akashika koo. Akatoa macho. Akasimama, akawa anazunguka akitupatupa mikono.

"Anakufa tena!" nikapiga kelele, na watu wakaangua kicheko upya. Wallahi, nilimwona fundi.

Mjane, yaani mama mkwe wangu, alikuwa ndani amekaa eda, anachungulia kwenye upenyo wa mlango. Alikuwa mkunga wa kijiji, na mimi na yeye hatukuiva chungu kimoja. Hakutakiwa hata kuonekana na wanaume. Lo! Akatoka mbio mbele yao wote.

"Nyamazeni, wapumbavu nyie! Anayekohoa anapumua. Huyu hatoi hata sauti!"

Ndipo nikaona midomo ya mtani imegeuka rangi ya zambarau. Kicheko kikanikauka. Niliogopa, sikufichi. Nikamkimbilia nimshike, kiwiko chake kikanipata puani, pu!

Mama mkwe akamwinamisha, akamshikilia kifuani kwa mkono mmoja, na kwa kiganja cha mkono wa pili akampiga mgongoni, katikati ya mabega. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ya tano, pande la nyama likaruka, likatua miguuni pa shehe. Mtani akavuta pumzi ndefu, akaanza kukohoa, na sijawahi kufurahia kikohozi cha mtu namna ile.

Mimi sasa, damu inachuruzika, na shangazi mmoja ananiinua kidevu niangalie juu.

"Mwache! Inama, wewe! Unataka kuimeza damu yako? Bana pua hapo palipo laini, pumua kwa mdomo."

Mama mkwe akanibana mwenyewe, tena kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa amenisikia nilivyopiga kelele.

Watu wakaanza kunong'ona: mjane katoka eda, kamkumbatia mwanamume! Shehe akaitazama ile nyama miguuni pake, akasema, "Mrudisheni ndani, mpeni chai."

Miaka ikapita, mama mkwe naye akaenda. Mtani akaja, mvi tupu, amejifunga kanga ya marehemu. Tukakaa tayari kuchekeshwa. Akasimama katikati ya ua, akashika koo, akatoa macho, akainama. Akabaki hivyo hivyo, mgongo wazi, anangoja.

Hakuna aliyecheka. Nikainuka, nikampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ya tano ndipo alipotoa sauti, na ilikuwa kilio.