Mafuta ya Nazi Kwenye Viatu vya Mjukuu Wangu

Majina ya watu hayanipotei. Hata yule madam wa Riyadh niliyemfanyia kazi za ndani, aliyenivunja jino kwa upawa kwa sababu ya wali ulioungua, jina lake ninalo, lake na la baba yake na la babu yake. Lakini humu sitaji jina la mtu.

Riyadh nilipigwa mimi, na Riyadh hiyohiyo, miaka mingi baadaye, akapigwa mjukuu wangu. Yeye ni mwana wa binti yangu aliyeolewa Norway, kazaliwa huko kwenye theluji, na kazi yake ni kucheza mpira wa mikono. Klabu yake ilikuja Saudia kwa mechi mbili, ya kwanza Riyadh, ya pili hapa Jeddah ninapokaa. Mkataba wake ulikuwa unakwisha. Kocha alikwishamwambia wazi kuwa atamtazama katika mechi hizo mbili, kisha aamue kumweka au kumwacha.

Ile ya Riyadh ilikwenda vibaya. Kesho yake adhuhuri akaja kwangu, mtaa wa Ghulail, akainama mlangoni maana urefu wake haupiti, akasema shikamoo kwa ile lafudhi yake ya kuchekesha.

"Marahaba, mume wangu," nikamwambia. "Nani kakufanya hivi?"

Jicho limefura. Alipovua fulana nikaziona mbavu zimepiga weusi kama bilingani. Akanieleza kuwa yeye husimama katikati ya ukuta wa wapinzani, na kazi yao ni kumkaba, kumtia viwiko, kumbwaga chini ili asiupate mpira. Mwamuzi anaona, na mengi anayaachia. Nikauliza, na wewe huwarudishii? Akasema hapana, yeye kazi yake kufunga.

Nikamlaza mkekani, nikamkanda kwa mafuta ya nazi ya moto. Alilia, jitu zima, kisha akalala. Ndipo nilipoviona viatu vyake, ncha zimeganda gundi nyeusi, imeshika vumbi na nyuzi. Kwetu mgeni haondoki na viatu kama vile, seuze mjukuu. Gundi haitoki kwa sabuni, hutoka kwa mafuta. Nikavisugua mpaka vikang'ara, nikavipaka mafuta tena juu yake kama viatu vya Idi, nikavirudisha kwenye begi lake.

Sikujua kuwa ile gundi ndiyo kazi yenyewe. Wachezaji hujipaka vidoleni ili mpira usiwatoke, na akiba huibandika kwenye kiatu, waiguse mchezo ukiendelea.

Siku ya mechi nilikaa upande wa familia. Mpira wa kwanza ulipomfikia aligusa kiatu, akaupokea, akaruka, ukamtoka mkononi kama samaki. Watu wakacheka. Wa pili vilevile. Wa tatu hakuwahi hata kuugusa, maana alipigwa kiwiko cha koo akaanguka chali. Nikamwona amekaa chini anasugua vidole, anavinusa, kisha anainua macho kututafuta sisi tuliokaa juu.

Kocha alimtoa huku akimfokea. Mara akamrudisha, safari hii azuie tu, mpira asiuguse.

Basi hapo nikamwona mtu nisiyemjua. Jamaa mmoja alikuja mbio na mpira, mjukuu wangu akampokea kwa kifua na mkono mzima wa mdomo. Nilisikia meno. Si uongo, kutoka kule juu niliyasikia. Damu ikaruka sakafuni, wakaja kuifuta kwa taulo. Mjukuu wangu akatolewa dakika mbili, akarudi, akambwaga mwingine. Kocha anapiga makofi. Ukumbi umesimama. Na mimi ulimi wangu umeingia penye pengo langu, hautaki kutoka.

Mechi ilipokwisha alinifuata nje, shingo imevimba, anacheka. Kocha kamweka. Ila kuanzia sasa atakuwa wa kuzuia tu, kufunga halas, kumekwisha.

Nikamwambia, "Ni mimi niliyevitia mafuta viatu vyako."

"Najua, bibi. Nilinusa nazi."

"Na hukumwambia kocha?"

"Nimwambie nini? Bibi yangu kanisafishia viatu?"

Akanikumbatia, jasho na gundi juu ya baibui langu. Nikamuuliza, yule uliyemvunja meno umemwomba radhi? Akaitazama mikono yake.

"Ndiyo kazi, bibi."

Juzi alikuwa kaniambia kazi yake ni kufunga.

Siku hizi binti yangu hunitumia picha zake kwenye simu, anasema kule wanamsifu, hakuna anayepita. Naziangalia kidogo kisha nazima. Na yule jamaa aliyevunjwa meno, walipokuwa wanamtoa uwanjani, jina lake lilikuwa mgongoni mwa jezi. Kusoma sijui sana, nililifuata herufi moja moja mpaka wakaingia naye mlangoni. Nikimaliza kumwombea mjukuu wangu mbavu nzima, namwombea na yeye, kwa jina lake.