Aliyesimulia Alikuwa Somawathi

Mzee Jinadasa alikuwa sonara. Watu wa mtaa wetu, hapa Mji wa Kale, walimwita Banyani, naye alikuwa ameshachoka kuwasahihisha. Alikuwa Msinhala wa kisiwa cha Sailani, na dini yake ni ya Budha. Zamani Wasinhala walikuwa nyumba saba hapa mtaani. Kila mwezi ukiwa mpevu walikusanyika kwake asubuhi, wamevaa nyeupe, maua yamepangwa mbele ya sanamu, na mkewe Somawathi akisimulia kisa cha maisha ya kale ya Budha: mara kazaliwa tumbili, mara kulungu, mara mfalme. Akisimulia kwa Kiswahili, maana watoto waliozaliwa Mombasa Kisinhala hawakijui. Dini yao waliipata kwa visa hivyo, si kwa chuo wala kitabu.

Baada ya uhuru wakaanza kuondoka, huyu Dar es Salaam, huyu kwao, huyu Uingereza. Somawathi naye akafariki. Ilipofika mwaka wa sitini na saba, Msinhala aliyebaki mtaani ni mumewe peke yake.

Asubuhi moja alinikuta barazani nashona kofia. Macho mekundu, ndevu hazijanyolewa.

"Mama Tumu, keshokutwa yatimia mwaka tangu Somawathi afariki."

"Mungu akupe subira, mzee."

"Siku hiyo lazima kisimuliwe kisa, mtu asikilize, kisha thawabu zake tumpelekee yeye. Alitaka kile cha punda wa chumvi. Mimi sikijui."

"Hukijui? Miaka ishirini umekaa ubavuni pake!"

"Nilikuwa nikilala. Nafua dhahabu wiki nzima, nikikaa mkekani tu, usingizi. Wakiitikia, naitikia."

Yarabi, wanaume! Lakini mimi nilikijua. Dirisha lao na baraza yangu ni hatua tatu, na mkono ukishona sikio halina kazi.

Kaka yangu Gharib aliposikia akawaka. "Waenda kuwasomea makafiri ibada yao?"

"Naenda kumpa mtu kisa cha mkewe. Ulipokuwa na homa ukanywa uji wa Somawathi, hukuuliza dini yake."

Akavaa viatu akatoka.

Siku ikafika. Tulikuwa wawili tu, na maskini ametandika mikeka yote. Nikakaa nimeipa sanamu mgongo, nikasimulia: punda wawili wa msafara wa chumvi, mmoja kaumia mguu, mwenzake akajisogeza apakiwe mizigo yote miwili, siku tisa za jangwa, hata walipofika kisimani akapiga magoti, asiinuke tena. Safari hii mzee hakulala. Machozi yalimchuruzika bila sauti, kama mfereji usiofungika vizuri.

Kisha nikakwama. Kila kisa chao humalizika kwa kutajwa nani wa kisani alikuja kuzaliwa tena kuwa nani. Aliyebeba ni Budha mwenyewe, hilo nililijua.

"Na aliyebebewa?" nikamuuliza. "Hapo adhana ya adhuhuri hunikuta, nikainuka kwenda kuswali. Sikupata kusikia."

"Nilikuwa nimelala."

Tukatazamana, watu wazima wawili. Bila mwisho huo kisa hakijatimia, na kisipotimia hana cha kumpelekea mkewe.

"Alikuwa mimi," akasema.

"Wewe? Mambo ya maelfu ya miaka, wewe ulikuwapo?"

"Na aliyebeba alikuwa Somawathi."

"Mzee, sivyo. Hata mimi Muislamu najua sivyo."

"Najua. Nimechoka, Mama Tumu. Niachie."

Nikamwachia. Akaitikia peke yake mara tatu, kama sisi tusemavyo amina, "Sadhu, sadhu, sadhu," akachukua birika akamimina maji katika kikombe kilichowekwa juu ya sahani, kwani ndivyo wanavyowapelekea wafu wao thawabu, mpaka kikombe kifurike. Kikafurika, sahani ikajaa, buibui langu likalowa, naye bado anamimina.

Nikamshika mkono. "Yamefika, mzee. Yamefika."