Sanda Isiyo na Fundo

Saa tatu asubuhi, Freda Abrahamson anatundika ukutani gauni la kumi na tisa la komunyo ya kwanza. Ananawa mikono, anatandika shuka safi mezani, kisha anatoa kitani cheupe kisicho na urembo. Hiki hakipiti kwenye cherehani.

Freda, mwenye miaka 76, ni fundi nguo mjini Cork, Ireland. Magauni ya watoto wa Kikatoliki ndiyo yanayomlisha: kila moja humwingizia yuro 60, na msimu huisha Mei. Sanda za Wayahudi wenzake hushona bure, kama mama yake. Ameshona 31.

Sanda hizo hushonwa kama kanzu yenye mikono, lakini hazina mfuko, kwa kuwa maiti habebi kitu. Uzi nao haupigwi fundo, ili maiti asifungwe na chochote cha dunia. Mshono hushikwa kwa kurudisha sindano nyuma.

Iliyo mezani ni yake mwenyewe. Baridi yabisi imemvimbisha vidole tangu Novemba, na ingawa cherehani bado anaiweza, hawezi tena kushika sindano ya mkono. Februari alimzika Bernice Elyan, mwanamke wa mwisho mjini aliyeijua kazi hiyo pamoja naye.

"Kuniosha, watakuja wanawake wa Dublin kwa treni. Tumeshakubaliana," anasema. "Sanda za dukani zipo, zimefungwa kwenye plastiki. Sikuosha wafu miaka arobaini ili nije nivishwe plastiki."

Kwa hiyo kila Jumanne, baada ya misa, jirani yake Noreen Twomey huja kushona. Freda alimpigia simu rabi, kiongozi wao wa dini, kumuuliza kama inafaa Mkatoliki aishone.

"Akaniuliza tu, 'Anajua kushona lakini?'"

Noreen anajua, ila leo amefika mwisho wa bega na kufunga fundo. Ni la tatu mwezi huu.

"Fumua."

"Nisamehe, dada. Mkono umezoea. Masista walitupiga rula tukiacha uzi wazi."

"Masista wako wananifuata mpaka kaburini! Fumua."

Noreen anafumua, anarudia. Safari hii mkono unasita, kisha unauacha uzi ulivyo. Freda anaupitisha mshono kwenye kidole gumba, taratibu, wala hasifu.

"Umebaki mkono wa kushoto wa sanda," anasema. "Nikifika Mei, magauni yakaisha, inatosha."

"Na ukipewa zaidi ya Mei?"

Freda anamsogezea taa.

"Shona, Noreen."