Sukari ya Msafiri

Juzi nilipita sokoni hapa Kisangani, nikakuta mama mmoja amemwaga maua mekundu ya ngai-ngai juu ya gunia, miguu ikakataa kwenda. Unacheka? Mimi mtu mzima, mama wa watoto wanne, nimesimama kati ya watu machozi yananitoka kwa sababu ya maua.

Koko, mama mzaa baba, alikuwa anatengeneza divai kwa maua hayo. Aliyachemsha, akatia sukari na chachu, akamimina ndani ya damejane, zile chupa kubwa za tumbo, mdomo akaufunga kitambaa. Divai ikichacha inaongea: tsi, tsi, tsi. Ikipunguza sauti, koko aliipasha moto, ikanyamaza ikiwa tamu nusu: si sukari kama soda ya sucré, si kali kama pombe ya lotoko. Masikio yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo sikio la kusikiliza chupa lilikuwa langu. Nilijivuna nalo mno.

Damejane moja tu haikupashwa moto, ile ya msafiri. Tonton, mdogo wa baba, alipanda treni kwenda Ubundu kununua samaki, vita ikakata njia nyuma yake. Kila Jumapili divai yake ilitiwa konzi ya sukari ili isiache kuchacha. "Kama inaongea," koko alisema, "njo kusema mutoto yangu iko muzima."

Sukari ilikuwa haba. Koko alinipa mimi niitie, na mimi, shetani mdogo, niliilamba nyuma ya nyumba. Jumapili tatu. Ya nne nikaweka sikio: kimya. Niliogopa. Koko alipouliza, nikasema inaongea.

Kwa neno langu hilo matanga hayakufanywa. Tante, mke wa tonton, alikuwa kijana bado. Mwanaume mmoja wa Basoko, mpole, mwenye mtumbwi wa mota, alikuja kumposa. Tante akamjibu kwamba mume wake yuko hai. Tonton hakurudi, wala yule wa Basoko.

Koko alishakufa, na kwetu hakuna tena anayechachisha divai. Watu wananunua bia. Tante amezeeka peke yake katika chumba kile kile alichoachwa na tonton. Kutoka sokoni nilienda kwake moja kwa moja, nimeazimia kusema yote. Kabla sijakaa akanishika mkono.

"Mutoto yangu, uniambie kweli. Ile divai ilikuwa inaongea?"

Mdomo ulikuwa tayari. Nikamtazama usoni.

"Ilikuwa inaongea, tante."

Akapumua polepole. "Bon," akasema. "Basi nilifanya muzuri kumungoja."