Masufuria kwenye Lango la Nyuma

Kwa nini akina mama wa kijijini walikuwa wakitoka na masufuria ya hoteli yetu ya Shanzu, ile inayojisifu kutunza mazingira na kusaidia majirani? Nilishuku wizi. Nilikuwa mlinzi wa lango, bado kwenye majaribio, nikiogopa wizi huo usije ukanipotezea kazi. Nikafunga lango, wageni wakitazama.

"Mbona wafunga, mwanangu?" akauliza Bi Rehema, kiongozi wao. "Kuna msiba, twaenda kupika."

"Mali ya hoteli haitoki!"

Mpishi akaja mbio. "We dada, ni yao! Sisi ndio huyaazima tukiwa na karamu!"

Nikafungua, nikingoja kufutwa.

Sikufutwa. Baadaye sana nikaambiwa Bi Rehema ndiye aliyeniombea kwa meneja, na kwamba aliyefiwa siku ile na dadake ni yeye.